Ramani Yangu Imehamisha Kijiji

Jamani, leo nimeadhirika. Si kuadhirika kule kwa kuteleza sokoni, ukainuka, ukajipangusa, ukaendelea na safari zako. Nimeadhirika mbele ya kijiji kizima, mkubwa wangu wa kazi akinitazama, na mlango wa nyumba ya mtu ukiwa kichwani kwangu. Nawaandikia ninyi watatu tuliosoma uchoraji wa ramani pamoja kwa sababu najua habari itawafikia tu. Heri iwafikie kutoka kwangu kabla madereva wa malori hawajaitia chumvi.

(Barua hii mpitishiane. Sina nguvu ya kuiandika aibu hii mara tatu.)

Mnakumbuka kazi niliyowaambia nimepewa hapa Biharamulo. Tetemeko la mwezi uliopita lilitutikisa vizuri, na upande wa Bisibo kuna kijiji kipya cha ujamaa kinachotaka kujenga shule ya matofali. Ofisi ikasema, kabla ya kujenga, ijulikane ardhi ipi ni ya kuaminika na ipi siyo. Mchoraji ramani ni mimi. Nikaambiwa, "Deo, tuonyeshe hatari iko wapi."

Njia yenyewe mnaijua. Chini unatandika ramani ya eneo. Juu yake unapanga zile karatasi nyembamba za kunakilia, zinazopitisha mwanga. Ya kwanza nikaichorea nyufa za ardhi, na kila ufa nikauwekea herufi U. Ya pili milima na miteremko mikali, herufi M. Ya tatu mahali ambapo watu walitikiswa sana, herufi T, yaani tetemeko. Ukizipandisha zote tatu, pale U, M na T zinapokutana unapaka rangi nyekundu. Kazi safi kabisa. Lakini inataka mtu anayeweza kukaa kitini, na mimi mnanijua. Hata kanisani kule kwetu Kanazi mama alikuwa ananikalisha kati yake na ukuta.

Nilizunguka kijijini juma zima nikiuliza watu. "Chungu kilianguka? Ukuta ulipasuka? Ulikuwa wapi?" Mzee mmoja akanijibu kwamba nyumba yake haikutikisika hata kidogo, aliyetikisika ni yeye. Nikaandika T ndogo.

Nilikuwa nimepewa chumba kwa Mama Verediana, mjane wa makamo mwenye sauti kubwa, aliyehamishiwa kijijini pamoja na wenzake wakati wa Operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nyumba yake ya zamani na migomba yake viko ng'ambo ya bonde, upande wa magharibi. Kijiji kipya kiko mashariki, kimejipanga kando ya barabara kama wanafunzi wa gwaride. Kila asubuhi anavuka bonde kwenda kuhudumia migomba, na jioni anarudi kulala kijijini akinung'unika. Aliniambia tetemeko lilimkuta huko huko kwenye migomba. "Liliniangusha chini, mwanangu, kama mtu aliyenisukuma kwa mikono miwili. Ndizi zikanidondokea."

Nikaandika T kubwa. Ng'ambo ya bonde. Kumbukeni hapo.

Alhamisi nikawa mezani ofisini kumalizia. Nilipanga karatasi zangu tatu sawasawa, nikazibana pembeni kwa kibanio, nikazilaza juu ya ramani. Mara lori la pamba likapiga honi nje. Nikainuka kwenda kuangalia nani kaja. (Hakuna niliyekuwa namngoja.) Nikarudi. Nikazinyanyua karatasi kutafuta kifutio. Nikatoka tena kunywa maji. Nikarudi, nikazilaza, nikapaka nyekundu, nikachora nakala, nikainua mikono juu kama mshindi. Ijumaa nakala ikapelekwa kijijini, ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya mwenyekiti ili watu waione na kuijadili.

Leo Jumatatu, sijamaliza hata kikombe cha chai, Mzee Kasano akaniita. Huyu ndiye mkuu wa ofisi yetu, mtu mtaratibu, anayeongea kama anayepima maneno kwenye mizani.

"Deo. Watu wa kijiji kile wanahama."

"Wanahamia wapi, mzee?"

"Wanarudi walikotoka. Kwenye mahame."

Mnajua kurudi kwenye mahame maana yake nini siku hizi. Mtu akionekana ametoka kijijini bila ruhusa, majina yanaandikwa, yanapelekwa wilayani, na anayefuata hapo si mtu wa kucheka naye.

"Nani kawaruhusu?"

"Wameulizwa swali hilo hilo," akasema Mzee Kasano huku akivaa kofia yake. "Wamekutaja wewe."

Tukaingia kwenye Landrova. Nikakaa, nikahama upande, nikafungua dirisha, nikalifunga. Mfuko wa ramani nikaushika mikononi, nikauweka miguuni, nikaurudisha mikononi. Mzee Kasano akaniuliza bila kugeuka, "Hicho kiti kina misumari?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kikalie."

Kabla ya kufika tukaanza kukutana nao. Wa kwanza alikuwa na kitanda juu ya baiskeli. Nyuma yake wanawake wana vyungu na mikeka. Mbuzi. Mabati yaliyokunjwa. Mwanamume mmoja alibeba dirisha, fremu na kila kitu, akatutazama kupitia hapo hapo kwenye uwazi wake, akatusalimia.

Nitawaambia ukweli, maana ninyi ni ndugu zangu. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hofu. Ilikuwa fahari. Nilijiona kama daktari ambaye wagonjwa wote wamekubali kunywa dawa. Nikajisemea moyoni, tazama, watu wameelewa sayansi. (Msiseme kitu. Fahari yenyewe haikufika mbali.)

Kwenye kona ya kushukia bondeni akatokea Mama Verediana, na mlango wa nyumba yake kichwani. Mlango mzima wa mbao, na komeo lake likining'inia. Dereva akasimamisha gari. Nikashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mungu akubariki wewe na mama aliyekuzaa."

"Mama, unakwenda wapi na mlango?"

"Kwangu."

"Kwako si kijijini?"

Akaushusha mlango, akauegemeza kwenye kichuguu, akajifuta jasho. Anavyoongea yeye, ramani huwa lamani, na nimezoea. "Lamani yako imepaka nyumba zetu zote nyekundu. Mistari yote miwili, kuanzia kwa Pastori mpaka kwangu. Tukakaa, tukaulizana, nyekundu ni nini? Damu ni nyekundu. Moto ni mwekundu. Basi tukajua selikali imetuhurumia, inasema tuondoke kabla hatujafunikwa."

"Mama, haikusema muondoke."

"Haikusema tukae." Akanitazama kwa macho matulivu kabisa. "Mimi ni nani, mwanangu, nikatae neno la selikali?"

Na hapo ndipo nilipoelewa. Mama huyu hakuwa na hofu hata chembe. Wala yule wa dirisha. Wala yule wa baiskeli. Tangu wahamishwe walikuwa wakitafuta sababu ya kurudi kwenye migomba yao, na mimi nimewapa, tena yenye muhuri. Kule nyuma watu walikuwa wanaimba. Mtu anayekimbia hatari haimbi.

Nikapanda gari. Mzee Kasano alikuwa amesikia yote. Akapiga tu ubavu wa mlango kwa vidole kumwambia dereva aendelee.

Kijijini tulimkuta mwenyekiti, Ndugu Salvatori, amesimama katikati ya barabara peke yake kama mchungaji aliyeibiwa kondoo. Nyumba zilizobaki na watu zilikuwa chache. Na hapa kuna jambo sikuwa nimelitazama vizuri siku ile ya kupaka rangi: nyekundu yangu ilikuwa imepita juu ya kijiji chote, ikafika kwa mwenyekiti, ikapinda. Nyumba yake ilibaki nyeupe.

"Wanasema nimekuhonga," akaniambia kabla ya salamu. "Wanasema ulikula kuku kwangu."

(Nilimla. Lakini mapaja yote mawili yalikwenda kwa dereva.)

"Majina yao ninayo kichwani," akamwambia Mzee Kasano. "Kila aliyetoka. Leo hii yanafika wilayani."

Mzee Kasano akasema, "Waite kwanza. Wasikie kutoka kwa aliyechora."

Ikachukua muda. Waliokuwa wamefika bondeni wakarudishwa, wakaja na mizigo yao, wakajaa kwenye lile jengo la darasa ambalo bado halina paa. Kuta ni za udongo, na upande mmoja kuna uwazi mkubwa wa dirisha, jua linaingia. Watu wakakaa juu ya vitanda vyao. Darasa likawa kama soko la samani. Mama Verediana akaulaza mlango wake chini, akaukalia, mstari wa mbele.

Nikaanza vizuri. Nikawasalimu. Nikawaambia ramani haikumwambia mtu yeyote ahame. Rangi nyekundu ilikuwa na maana moja tu: hapa msijenge kwa matofali mazito bila kuimarisha, maana ardhi ikitikisika matofali yanaua. Nyumba ya miti na nyasi ni jambo jingine.

Mwanamume wa dirisha akanyoosha mkono. "Hayo uliyaandika wapi?"

"Kwenye..." Nikatazama ile nakala. Nilikuwa nimechora barabara, vijito, vilima, kijiji. Nilipaka rangi. Lakini pale pembeni tunapoandika rangi hii maana yake hii, hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeinuka kwenda kufanya jambo fulani na sikurudi. "Sikuandika ufunguo," nikasema.

"Ramani haina ufunguo," akawaeleza wenzake, "sasa sisi tungeifungua na nini?"

Wakacheka. Mzee Kasano akainamisha kofia kidogo. Nami, badala ya kunyamaza, nikaona niwaonyeshe kazi ilivyofanyika, waone kwamba si ya kubahatisha. Hilo ndilo kosa langu la leo lililozaa mengine yote. Nikatoa karatasi zangu tatu mfukoni, nikaenda kwenye ule uwazi wa dirisha, nikazitandaza juani ili mwanga upite. Nikawageuzia upande ule ule niliokuwa nauona mezani siku ile ya kupaka.

"Mnaona hizi U? Ni nyufa. Hizi M ni miteremko. Hizi T ni mahali ninyi wenyewe mliniambia mlitikiswa. Sasa nazitenganisha, muone kila moja."

Nikafungua kibanio.

Chini ya kibanio, kwenye pembe ya karatasi, nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya risasi jina la ramani, Bisibo, kama tulivyofundishwa. Nililisahau. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya karatasi, watu wakiwa mbele. Na kutoka kule nyuma, ndugu zangu, nikalisoma jina vizuri kabisa. B, i, s, i, b, o. Halikupinduka hata herufi moja.

Nikalisoma tena. Kama mimi wa nyuma nalisoma sawasawa, basi wa mbele wanaliona kinyume. Na mbele ndio upande nilioupakia rangi.

Karatasi zote tatu zilikuwa zimepinduka. Niliporudi kutoka kunywa maji, nilizilaza kifudifudi. Na fikirieni ujinga wa herufi nilizozichagua mwenyewe kwa akili zangu: U ukiipindua ni U. M ni M. T ni T. Hata ile misalaba ya kulinganishia pembeni inabaki misalaba. Hakuna kilichonistua. Bonde liko katikati ya karatasi, basi kila kilichokuwa magharibi kilihamia mashariki, na cha mashariki kikaenda magharibi.

Nikazishika karatasi zote tatu, nikazitazama upya.

"Endelea," akasema Mzee Kasano.

Nikahama mguu huu, nikahama mguu ule. Nilifikiria kusema jua ni kali mno tuahirishe. Nilifikiria kuachia upepo ufanye kazi yake, karatasi ziruke, tuishie hapo. Nikamtazama Mama Verediana juu ya mlango wake. Alikuwa ananisikiliza kwa makini kuliko wote, mikono magotini.

Nikazigeuza karatasi, nikazilaza juu ya ramani inavyotakiwa, nikaziegemeza tena juani. U, M na T zikakutana zote, sawasawa, pazuri, juu ya mahame. Juu ya migomba.

"Ndugu zangu," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa kipaimara. "Nilizilaza kinyume. Huku kijijini ndiko ardhi nzuri. Ile nyekundu ni ya kule mnakokwenda."

Mmoja nyuma akauliza polepole, "Ijumaa ilikuwa huku. Leo iko kule. Kesho itakuwa wapi, tujiandae?"

Hapo kuta za udongo zilitikisika. Si tetemeko, ni kicheko. Mtu mmoja alianguka kutoka kitandani kwake. Mwenyekiti Salvatori, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, alicheka mpaka akashika ukuta. Dereva wetu alitoka nje kabisa.

Mzee Kasano hakucheka. Akanijia, akaongea chini kwa chini. "Mama huyu alikwambia aliangushwa kwenye migomba yake. Ulikuja ofisini ukanisimulia mwenyewe, na ndizi zilizomdondokea. Ukapaka nyekundu mlangoni kwake?"

"Ndiyo mzee."

"Hukushangaa?"

"Nilipaka nikiwa nimesimama, mzee."

Kicheko kilipopungua, mwenyekiti akakumbuka hasira zake. Akasema vizuri, basi jambo limekuwa wazi: waliotoka wametoka bila sababu, na majina yatakwenda wilayani kama alivyosema. Yule wa dirisha akaliweka dirisha lake chini taratibu. Ghafla hakuna aliyekuwa anaimba.

Sijui nguvu niliipata wapi. Labda mtu akishavuliwa nguo zote hana tena cha kuficha. Nikasema, "Mwenyekiti, hawa waliondoka kwa ramani ya ofisi. Imebandikwa ofisini kwako, na muhuri unao. Ramani ni yangu na kosa ni langu. Kama kuna jina la kupelekwa wilayani, pelekeni langu."

Mwenyekiti akamtazama Mzee Kasano. Mzee Kasano akatazama kofia yake, akaizungusha vidoleni. "Ndivyo," akasema. "Hakuna aliyetoroka. Walisoma tangazo la serikali wakalitii. Tangazo lilikuwa limekosewa, sasa linasahihishwa. Warudi kabla ya giza na yaishe."

Yakaisha. Kwa wao.

Watu wakaanza kubeba vitanda kurudi. Mama Verediana hakuinuka. Nikamwendea, nikachuchumaa.

"Mama, nisamehe."

"Hiyo nyekundu ya kwenye migomba yangu," akasema, "mvua ikinyesha haitatoka?"

"Haitoki mama. Lakini haikatazi kulima. Wala kibanda cha nyasi cha kupumzikia. Usijenge tu kwa matofali."

"Matofali nitayatoa wapi mimi?" Akatazama ng'ambo kupitia lile dirisha. "Mume wangu aliipanda ile migomba ya juu kabla hatujapata mtoto. Nilidhani leo ningelala nikiyasikia majani yake." Kisha akagonga mlango kwa kiganja. "Haya, bwana lamani. Beba."

Nikabeba. Katikati ya barabara ya kijiji, mistari miwili ya nyumba, huku na huku watu wamesimama wakinishangilia kama bwana harusi. Mlango ulikuwa mzito upande mmoja, nikawa natembea kiubavu. Mtu akapaza sauti, "Deo, angalia usije ukaupachika kinyume!" Nilifika, nikaupachika. Nilipoufunga, komeo likawa nje.

Mama Verediana alisimama ndani, mimi nje. Kisha nikamsikia anacheka humo ndani, kicheko cha kutoka tumboni, mara ya kwanza leo. Nikaungoa mlango, nikaugeuza.

Kesho Mzee Kasano ananiweka meza ya dirishani, mgongo kwa barabara, na ameahidi kuja mwenyewe kuangalia kama nimeinuka. Shule itajengwa kijijini, mashariki, penye ardhi nzuri. Nimezilaza tena karatasi zote tatu juu ya ramani nikiwa nimekaa, mkitaka kujua, na zimekubali.

Naomba msicheke. Na mkinijibu, andikeni kama watu wa kawaida, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu hapa ofisini wenzangu wameshaanza kunipa salamu za asubuhi jioni.